Mnyama wa udongo hupasukia shingoni

Chukua sanamu yoyote ndogo ya mnyama iliyofinyangwa kwa udongo unaokauka wenyewe kisha ikapasuka. Ufa utaukuta shingoni, kwenye kwapa la mguu, au pale sikio linaposhikana na kichwa. Aliyeifinyanga huilaumu mikono yake au pakiti ya udongo, na mara nyingi vyote viwili havina kosa. Maji yametoka upande mmoja upesi kuliko upande wa pili, na pembamba panapokutana na panene ndipo ugomvi huo unapoishia.

Udongo huu hauingii tanurini. Ugumu wake wote unatokana na maji kuondoka, na gundi au nyuzi zilizochanganywa ndani yake kuzishika chembe pamoja. Kwa hiyo anayefinyanga tembo wa sentimita saba ana kazi mbili: kumpa umbo, na kuyapangia maji njia ya kutoka. Kazi ya kwanza huisha kwa saa moja na nusu. Ya pili huchukua siku tano hivi, na hiyo ndiyo inayoamua kama tembo atabaki na masikio yake.

Udongo mbichi ni chembe bapa, ndogo mno, zilizotenganishwa na utando wa maji. Maji yakiondoka, chembe husogeleana na sanamu nzima hunywea. Udongo wa kawaida wa aina hii hupoteza kati ya asilimia 5 na 10 ya urefu wake, kwa hiyo sungura wa milimita 80 atakuja kuwa wa milimita 72 hadi 76. Lakini hanywei kwa mwendo mmoja mpaka mwisho. Hunywea zaidi mwanzoni, wakati maji yaliyo kati ya chembe yanatoka. Chembe zikishagusana, maji yaliyosalia kwenye vitundu hutoka bila sanamu kupungua sana, na hapo ndipo rangi inapoanza kupauka. Hatari basi iko kwenye saa za kwanza, udongo ukiwa bado na rangi nzito. Mnyama aliyekaushwa polepole siku ya kwanza huvumilia mengi siku ya tatu.

Ndiyo maana jua kali, feni, mashine ya kukaushia nywele na oveni ni maadui wa kazi hii, hata kama vyote vinakausha. Ngozi ya nje hukauka na kutaka kunywea, tumbo likiwa bado limejaa maji na halipungui. Ngozi haina pa kwenda, inachanika.

Udongo gani

Si kila kinachouzwa kwa jina la udongo unaokauka wenyewe ni kitu kimoja. Wa kwanza ni udongo wa asili uliotiwa gundi au nyuzi, mzito mkononi, mweupe, wa kijivu au wa rangi ya tofali. Huchongeka vizuri ukianza kukauka na husuguliwa kwa msasa, ila ncha zake nyembamba huvunjika kirahisi. Wa pili ni udongo wa karatasi, wenye nyuzi nyingi za karatasi ndani yake. Ni mwepesi, hushikana vizuri, na nyuzi zile huuvuka ufa kabla haujafunguka. Kwa wanyama wenye mikia, pembe na masikio, mimi ningechagua huu bila kusita. Wa tatu ni ule laini kama sponji, mwepesi sana, unaodunda ukishakauka. Hupasuka kwa nadra na hupendwa na watoto, lakini haupokei msasa wala mistari myembamba.

Wapo pia wanaopika wao wenyewe kwa wanga wa mahindi na gundi nyeupe: kikombe kimoja cha wanga, kikombe kimoja cha gundi, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta na kimoja cha siki. Mchanganyiko hukorogwa juu ya moto mdogo mpaka uache kushika sufuria, kisha hukandwa ukiwa na joto linalovumilika. Hutoa sikio jembamba kama petali ya ua, lakini hunywea kuliko udongo wa pakiti, na haufai kwa mwili mnene.

Ukiwa na udongo wa asili peke yake na unataka uvumilivu wa udongo wa karatasi, loweka karatasi ya chooni kwenye maji ya moto, ivuruge mpaka iwe rojorojo, ikamue kabisa, kisha ikande ndani ya udongo kwa kiasi cha sehemu moja ya karatasi kwa sehemu nne za udongo. Uso hautakuwa laini sana. Hasara hiyo inalipwa na faida yake.

Kabla ya kufinyanga chochote, kanda udongo dakika tatu hadi tano. Kisha sokota kijinyoka chenye unene wa kidole kidogo na ukizungushie kwenye kidole cha shahada. Kikipinda bila kuonyesha mistari mgongoni, udongo uko tayari. Kikionyesha vijufa, lowesha viganja tu, ukande tena. Usimwagie maji: maji ya juu hulainisha uso peke yake, na tofauti kati ya uso na ndani ndiyo tunayoikimbia tangu mwanzo.

Anza na kalunguyeye

Wengi huanza na twiga au farasi, na kwa maoni yangu hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Mnyama wa kwanza anapaswa kuwa donge moja lisilo na mguu wala shingo ya kuunga. Kalunguyeye anafaa kuliko wote.

Pima gramu 40 za udongo. Viringisha mpira, kisha usokote upande mmoja kati ya viganja mpaka upate umbo la tone, lenye urefu wa sentimita 5 na unene wa sentimita 3 hivi. Ncha ndiyo pua. Kandamiza tumbo kidogo mezani ili akae bila kuviringika, na nyanyua ncha ya pua kwa milimita mbili au tatu. Pua inayogusa meza humfanya aonekane amelala.

Miiba hukatwa kwa mkasi mdogo wa kucha wenye ncha kali, wala haibandikwi. Mwache kwanza mezani dakika 20 hadi 30 ili uso upoteze kunata. Ukikata mapema, mwiba unaganda kwenye mkasi na kulala. Ukichelewa, unakatika na kudondoka kama ganda. Anza nyuma, karibu na meza, uende ukipanda kuelekea kichwani. Ulaze mkasi kwa mshazari, karibu usawa wa mgongo, chomeka ncha zake milimita tatu tu, bana, na kabla ya kuutoa uinue kidogo: ule mwendo wa kuinua ndio unaosimamisha mwiba. Safu ya pili ianzie katikati ya miiba miwili ya safu ya kwanza, kama vigae vya paa. Ukianzia kichwani, kila safu mpya itailaza ile ya nyuma yake. Futa mkasi kwa kitambaa chenye unyevu baada ya kila miiba kumi hivi, kwa sababu udongo unaokauka kwenye makali ndio unaochana badala ya kukata.

Acha uso bila miiba, robo ya mwili kutoka puani. Macho ni mashimo mawili ya kichwa cha pini, yakiwekwa mbele na chini kuliko unavyodhani. Masikio ni vijidonge viwili vya milimita nne vilivyobonyezwa kwa nyuma ya kijiti. Umemaliza. Mgongo wake uliojaa mikato ni uso mkubwa wa maji kutokea, na hiyo ni sababu nyingine ya kumpenda: hupasuka kwa nadra hata kwa mikono ya mgeni.

Kobe anafuata kwa urahisi, kuku aliyeatamia vilevile. Kisha njoo kwa tembo.

Tembo, na namna ya kuunga

Tembo mwenye urefu wa sentimita saba huhitaji takriban hivi: mwili gramu 45 juu ya kiini cha karatasi, kichwa gramu 20, miguu minne ya gramu 8 kila mmoja, mkonga gramu 6, masikio mawili ya gramu 4 kila moja, na mkia usiofika gramu moja. Jumla ni kama gramu 112 za udongo. Pakiti ya gramu 500 inatosha tembo wanne, na akiba ya rojo, yaani udongo uliolainishwa kwa maji wa kuungia vipande, inabaki.

Kiini nakitaja kwa sababu mwili wa sentimita nne ukiwa udongo mtupu utachukua wiki nzima kukauka katikati, na muda wote huo ngozi itakuwa inavutana nao. Kanuni yangu ni kwamba mahali popote panapozidi unene wa sentimita tatu panahitaji kiini. Finyanga karatasi ya gazeti iwe mpira wa sentimita mbili na nusu, uuzungushie utepe wa karatasi wa kunata mpaka karatasi isionekane, kisha upake gundi nyeupe na uifunike kwa udongo wenye unene wa milimita saba hivi. Wengi hutumia foili ya jikoni iliyokandamizwa. Inafaa, ila usiikandamize mpaka iwe kama jiwe. Udongo utanywea juu ya kiini na kiini hakitanywea pamoja nao. Kikibonyea kidogo, ngozi inapona. Kiini kigumu kabisa hupasua mgongo kwa mstari mrefu ulionyooka, ufa ambao ukishauona mara moja utaujua daima.

Hewa iliyonaswa ndani haina madhara hapa. Hofu ya sanamu kulipuka ni ya udongo unaochomwa. Hapa hakuna moto.

Ili miguu ifanane, usiifinyange mmoja mmoja. Sokota mti mmoja wa udongo wa gramu 32 wenye kipenyo cha sentimita moja na nusu na ushee, uukate kwa rula vipande vinne vya urefu sawa. Macho pia yafanye hivyo: kijinyoka kimoja, vipande viwili. Jicho la mtu halioni tofauti ya gramu, lakini huona upesi jicho moja likizidi jingine kwa nusu milimita.

Kila kipande kinachosubiri kifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu au nailoni. Chanzo kikubwa cha miguu kudondoka ni kipande kilichotangulia kufinyangwa kikakaa wazi dakika arobaini wakati mwili unatengenezwa. Mguu umeshaanza kunywea, mwili bado. Ukiviunga, mwili utaendelea kunywea peke yake na kujibandua kwenye mguu. Rojo haliwezi kuzuia hilo hata likiwa zuri namna gani.

Rojo lenyewe ni udongo uleule: gramu 25 na kijiko kimoja cha chai cha maji, ukisaga kwa uma mpaka upate uzito wa mtindi, na matone machache ya gundi nyeupe. Halipaswi kuwa maji yenye rangi ya udongo. Likiwa jepesi hivyo, linaongeza maji kwenye kiungo na kuacha nafasi yakishaondoka.

Sasa kiungo chenyewe, kwa mfano mguu. Kwaruza sehemu zote mbili zitakazogusana kwa sindano au uma, mistari ya kupishana yenye kina cha milimita moja hadi mbili. Paka rojo pande zote mbili. Bana mguu mwilini huku ukiuzungusha kidogo tu kulia na kushoto, mpaka uhisi umeng'ang'ania na rojo limetokeza pembeni. Lifute. Halafu sokota kijinyoka cha milimita tatu, ukizungushe kwenye mshono na ukisambaze kwa ncha ya kidole kwenda juu mwilini na kwenda chini mguuni. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayofanya mnyama adumu. Pembe kali ya ndani, pale mguu unapokutana na tumbo kama ukuta na sakafu, hukusanya mvutano wote mahali pamoja. Kijinyoka hugeuza ile pembe kuwa mkunjo wa duara na mvutano hutawanyika. Ukiwaangalia tembo wenyewe, hivyo ndivyo miguu yao inavyoungana na mwili; huna haja ya kuficha kitu.

Kichwa huungwa kwa njia hiyohiyo, pamoja na kijiti cha kuchokolea meno kilichokatwa sentimita mbili: nusu ndani ya mwili, nusu ndani ya kichwa. Kilowanishe kwanza, kwa sababu kijiti kikavu hunywa maji ya udongo na kuvimba kikiwa ndani. Kijiti hakichukui nafasi ya mikwaruzo na rojo. Kazi yake ni kuzuia kichwa kisiiname wakati udongo ungali laini.

Mkonga ni mahali pa kufanya uamuzi. Mkonga ulionyanyuka hewani unapendeza na unavunjika. Ulioteremka mpaka ukagusa mguu wa mbele au kifua, na ukabandikwa hapo kwa tone la rojo, huishi miaka. Uanze na unene wa milimita 14 usoni na usiende chini ya milimita 7 kwenye ncha.

Sikio ni bapa lenye unene wa milimita nne, kipenyo cha sentimita mbili na nusu hadi tatu. Hapa wengi hukosea kwa kulifanya jembamba kote. Lifanye jembamba ukingoni tu, milimita mbili, na upande utakaoshikana na kichwa uuache na milimita tano. Ukilibandika, weka nyuma yake kidonge cha pamba au karatasi laini ili lisilale likikauka. Bapa lolote la udongo hujikunja kuelekea upande unaokauka kwanza. Sikio lililoachwa wazi mbele na kufichwa nyuma litageuka kijiko kufikia asubuhi.

Miguu yote minne ikishaungwa, msimamishe kwenye kipande cha kioo au ubao ulionyooka uliotandikwa karatasi, umkandamize mgongoni kwa kiganja, kidogo tu, mpaka nyayo zote ziguse. Weka karatasi iliyosokotwa chini ya tumbo imbebe. Bila nguzo hiyo, mwili hushuka polepole usiku na miguu hufunguka kama meza iliyochoka.

Waswahili husema udongo uwahi ungali maji. Kwa umbo, ni kweli tupu. Kwa mikunjo ya ngozi, kucha na nyusi, subiri. Baada ya saa tatu hadi sita, ikitegemea hewa, udongo hufikia hali ya ngozi: ukiugusa ni wa baridi na hauachi unyevu kidoleni, ukucha unaacha alama, lakini ukijaribu kuupinda hautii. Mstari unaochorwa wakati huo huwa msafi, usio na vijiwimbi vya udongo pembeni. Mistari ya mkonga chora kwa kuzungusha, na ya magoti kwa mkato mfupi wa upinde. Usizidishe. Mikunjo kumi iliyo mahali pake inasema tembo. Hamsini inasema gome la mti.

Wenye miguu myembamba

Twiga, swala, korongo: mguu usio na kitu ndani, ukiwa chini ya milimita kumi kwa mnyama wa sentimita kumi, hautabeba. Njia ya busara ni kumlaza. Swala aliyekunja miguu chini ya mwili na kugeuza shingo nyuma ni mzuri kuliko aliyesimama kwa mashaka, na hufinyangwa kama kalunguyeye mwenye kichwa.

Ukitaka asimame, tumia waya wa milimita moja au moja na nusu, wa aluminiamu au uliopakwa zinki. Waya wa chuma kitupu hushika kutu ndani ya udongo wenye maji, na doa la kahawia hupenya mpaka nje, hata chini ya rangi. Sokota miguu miwili kwa waya mmoja unaopita mwilini, mara mbili, ukaze kwa koleo. Kisha uzungushie waya wote utepe wa karatasi na uupake gundi. Udongo haushiki waya mtupu: hunywea kwa urefu, waya haupungui, na utaona mguu umekatika pete tatu nne kama muwa. Juu ya waya tumia udongo wa karatasi tu, kwa mikupuo miwili: wa kwanza mwembamba, uachwe siku nzima unywee na kupasuka upendavyo, wa pili uzibe na kutoa umbo. Ufa wa mkupuo wa kwanza hauna madhara. Umeshamaliza kunywea.

Siku tano za kukaa kimya

Saa 12 hadi 24 za kwanza, funika mnyama kwa nailoni iliyolegea au bakuli lililopinduliwa na kuinuliwa upande mmoja kwa kijiti. Hewa iingie, upepo usiingie. Sehemu nyembamba, yaani masikio, mkia na ncha ya mkonga, zivishe vipande vidogo vya karatasi laini yenye unyevu ili zisitangulie mbele ya mwili. Siku ya pili ondoa vyote na umweke kwenye wavu, mbali na dirisha lenye jua. Mgeuze kila saa nane au kumi; tumbo lililolala juu ya plastiki halikauki, na mnyama huinama kuelekea upande uliokauka.

Kalunguyeye huhitaji siku tatu hivi. Tembo mwenye kiini, nne hadi sita. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, ongeza mpaka mara mbili. Rangi ikipauka usiamini kwamba kazi imekwisha. Mguse kwa shavu lako: akiwa baridi kuliko hewa ya chumba, maji bado yanatoka. Kipimo cha uhakika ni mizani ya jikoni. Mpime kila asubuhi uandike. Uzito ukikaa palepale siku mbili mfululizo, amekauka. Kumpaka rangi kabla ya hapo ni kuyafungia maji ndani. Yatatafuta njia, yataibua malengelenge kwenye rangi, au yatakaa humo mpaka vidoa vyeusi vya ukungu vitokeze.

Ufa ukitokea

Ufa unaoonekana siku ya kwanza, udongo ukiwa bado laini, unaweza kuukandamiza kwa nyuma ya kijiko chenye unyevu ukafunga. Unaoonekana siku ya pili au ya tatu, uache. Ndiyo, unauma kuutazama. Lakini mnyama bado ananywea, na chochote utakachotia humo kitasukumwa nje au kitafanya kabari ya kuupanua.

Akishakauka kabisa, saga makombo makavu ya udongo uleule yawe unga, changanya na gundi nyeupe na tone la maji mpaka upate kitu kama dawa ya meno. Panua ufa kidogo kwa ncha ya sindano ili mchanganyiko uingie hadi chini, lowesha kuta zake kwa brashi, jaza, kandamiza. Ungojee siku moja, kisha ujaze tena kile kilichoshuka. Udongo mbichi peke yake haufai, kwa sababu wenyewe utanywea ndani ya ufa na kuacha mistari miwili mahali palipokuwa na mmoja. Mchanganyiko wa unga mkavu una maji kidogo, hivyo haupungui sana.

Mguu uliovunjika ukakatika safi urudishe kwa gundi ya papo kwa papo. Ukiwa ni mguu unaobeba uzito, toboa kwa mkono tundu la milimita mbili pande zote mbili, utie kipande cha kijiti na gundi nyeupe, umlaze ubavu mpaka kesho yake.

Msasa na rangi

Anza na msasa namba 120 kwa vinundu tu, kisha 220 kote, na 400 kwa uso na mkonga. Vaa barakoa, na sugua juu ya kitambaa chenye unyevu. Vumbi la udongo wa asili lina silika na halifai kuvutwa. Futa kwa brashi kavu, wala usimwoshe. Aina nyingi za udongo huu hulainika tena zikilowa, hata baada ya mwezi.

Kwa sababu hiyohiyo rangi ya kwanza isiwe nzito yenye maji mengi. Paka kwanza utando mwembamba wa rangi nyeupe ya msingi, au gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji kiasi sawa, ukauke kabisa. Kisha rangi ya akriliki, mikupuo miwili au mitatu myembamba, ukipumzisha nusu saa kati yake. Mkupuo mmoja mnene hufunika mistari yote uliyoichora.

Tembo wa kijivu kitupu anaonekana kama plastiki. Changanya kijivu na tone la kahawia, pakaa kote, acha ikauke. Halafu zimua rangi nyeusi-kahawia iwe kama chai, ipake mwili mzima, na kabla ya dakika moja kupita uifute kwa sponji lenye unyevu kidogo. Itabaki ndani ya mikunjo na kuondoka juu yake. Mwisho chovya brashi kavu kwenye kijivu chepesi, ifute kwenye karatasi mpaka ionekane haina kitu, kisha ipitishe juu ya magoti, paji la uso na kingo za masikio. Macho yaache ya mwisho: nukta nyeusi, na juu yake nukta nyeupe ndogo kuliko kichwa cha pini, upande uleule kwenye macho yote mawili. Nukta zikiwa pande tofauti mnyama anaonekana amepotea.

Vanishi ya maji isiyong'aa inafaa zaidi kwa ngozi na manyoya. Tia ile inayong'aa kwenye macho na pua tu. Mikupuo miwili, na usisahau nyayo na tumbo, kwa kuwa unyevu wa meza huingilia hapo. Vanishi hukinga dhidi ya mikono na vumbi. Haimfanyi mnyama avumilie mvua, kwa hiyo asiwekwe bustanini wala bafuni. Mwenye vipande vidogo asipewe mtoto ambaye bado anatia vitu mdomoni.

Udongo uliobaki ufunge kwa nailoni bila kuacha hewa, weka karatasi yenye unyevu juu yake, ndani ya kopo lenye kifuniko. Ukiwa umeanza kuwa mgumu, utoboe kwa kijiti mashimo kumi na mbili hivi, tia vijiko viwili vya maji kwa kila gramu 300, uache ulale usiku kucha kabla ya kuukanda. Maji ya kunawia mikono yasimwagwe kwenye sinki. Yaache kwenye ndoo mpaka udongo utuame, umwage maji ya juu peke yake. Na yale makombo yaliyokaukia mezani usiyatupe. Yaweke kwenye chupa ndogo na uandike juu yake jina la pakiti yalikotoka, maana ndiyo yatakayoziba ufa wa mnyama ajaye, naye atahitaji unga wa rangi yake mwenyewe.